Neno Alilovikwa Cuthbert Heslop

Mtaa wa Adelaide 14, Hagworth, Durham
5 Juni 1978

Kwa Mkuu wa Kamusi ya Merrow, London

Bwana au Bibi,

Mimi ni yule mwendawazimu wa ukurasa wenu wa mia nne na kumi na mbili. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa mkono wangu, uangalie kama mwandiko unatetemeka.

Mke wangu Bella hupenda chemshabongo ya gazeti, na juzi alijinunulia kamusi yenu mpya. Akaifungua kutafuta neno la herufi nane la mtu aliyejawa na msisimko wa kupindukia. Akalipata. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniambia, "Cuddy, hebu njoo. Umo humu." Nikadhani ananitania. Nikasoma hivi:

"Frenzied, kivumishi. Aliyepagawa kwa msisimko au hasira; asiyejitawala. 'Bw. C. Heslop, akiwa amepagawa, alirukia meza ya maonyesho na kuzikanyaga liki zilizoshinda.' Gazeti la wiki, Durham, 1959."

Kwanza, sikuruka. Nilikuwa na miaka hamsini na goti bovu. Nilipanda kiti, ndipo nikapanda meza. Pili, sikupagawa. Nilijua ninachokifanya kuanzia utosini hadi unyayoni. Liki ni mboga, ndugu ya kitunguu, na zile zilikuwa zangu. Nilizilea tangu zikiwa uzi, kwa mbegu ya baba yangu, nikazikinga upepo kwa mbao na jua kwa magunia, hadi kila moja ikawa nene kama paja la mtoto. Zikaibwa kwenye mtaro nilimozipanda, usiku wa kuamkia maonyesho. Kesho yake nilizikuta mezani zimeoshwa kwa maziwa, zimelazwa juu ya kitambaa cheusi, zina utepe wa mshindi wa kwanza na kadi yenye jina la mtu mwingine. Mzazi hamkosei mtoto wake.

Ningepiga kelele kwamba ni zangu, wangeniambia thibitisha. Liki haina cheti cha kuzaliwa. Nikaamua kwamba kama haziwezi kuwa zangu, basi hazitakuwa za yeyote. Nikazikanyaga moja moja, zote tatu, nikashuka.

Futeni jina langu hapo. Radhi yenu siihitaji.

Cuthbert Heslop


Nyumba ya Kamusi ya Merrow, London
14 Juni 1978

Bw. Heslop,

Barua yako nimeipata. Mwandiko hautetemeki.

Naona unaichukua kamusi kama mahakama, na hapo ndipo tunapopishana. Sisi hatuandiki habari za watu, tunaandika habari za maneno. Tuna wasomaji nchi nzima wanaopekua magazeti na vitabu, na wakikuta neno limekaa vizuri mahali fulani, wananakili sentensi na kututumia. Sentensi yako ilichaguliwa kwa sababu neno limekaa humo kama mguu kwenye kiatu chake. Hata kama Bw. Heslop wa 1959 alikuwa mtulivu kuliko maji ya mtungini, mwandishi wa gazeti alimwita hivyo na wasomaji wake wakamwelewa. Hilo ndilo tunalolishuhudia, basi.

Naomba pia utambue kwamba neno lenyewe limepoa. Zamani lilikuwa la maradhi ya ubongo. Siku hizi magazeti humwita hivyo mama anayegombea koti kwenye mauzo ya bei ya chini ya Januari, mbwa akimwona tarishi, na karani anayepiga taipu huku bosi amemsimamia. Hakuna anayefikiri watu hao wanahitaji daktari. Hujasingiziwa jambo zito kama unavyodhani.

Na kama hukutaka kuandikwa, Bw. Heslop, ulikuwa na hiari ya kubaki chini, usipande meza.

Winifred Lascombe
Mhariri


Hagworth
19 Juni 1978

Bi. Lascombe,

Limepoa huko London. Huku kwetu lilifika likiwa la moto.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumatatu daktari wa mgodi nilikofanya kazi akaniita. Gazeti lilikuwa juu ya meza yake, limekunjwa mahali pangu. Akaniuliza kama nasikia sauti. Nikamwambia nasikia yake, na inanichosha. Akaandika hilo pia. Wiki iliyofuata nikapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nikakaa hadi majani yote yakawa yameanguka, nikila uji kwa kijiko cha mbao na watu wanaozungumza na ukuta.

Nilipotoka, meneja akaniita. Kazi yangu chini ya ardhi ilikuwa mlipua baruti. Unajua hiyo ni kazi gani? Wenzako wanatoboa jiwe, wewe unashindilia baruti, unawasogeza watu wote, unahesabu kimoyomoyo, unalipua, halafu unakuwa wa kwanza kurudi kuangalia kama paa limeshika. Nilifanya kazi hiyo tangu ujana wangu na hakuna mwenzangu aliyepoteza hata kidole. Meneja akasema, "Heslop, mtu anayepagawa hashiki baruti." Akanipa ufagio. Nikafagia chumba cha kutunzia taa za wachimbaji mpaka nilipostaafu, nikiwatazama vijana niliowafundisha wakipita na mikoba yao ya baruti.

Kwa hiyo usinisimulie makoti ya Januari. Yule mama alirudi nyumbani na koti lake, wala hakuna aliyemnyang'anya kazi.

Kanisani kwetu kuna jina la mtu anayefanya kosa akiwa na akili zake. Anaitwa mwenye dhambi. Niiteni jina hilo, nitaitika. Lakini hili lenu linasema kwamba siku ile Cuthbert Heslop hakuwepo. Nilikuwepo, mama. Sijawahi kuwepo mahali kama nilivyokuwepo pale.

C. Heslop


London
30 Juni 1978

Bw. Heslop,

Kwa yaliyokupata kazini, pole. Nasema hivyo kama mtu. Kama mhariri nasema kwamba kamusi haikukupa ufagio.

Umeniandikia kwa hasira na mimi nimekuwa nikikujibu vivyo hivyo, kwa hiyo sasa nitakwambia jambo moja la kukufaa, kisha tuachane. Tuna kanuni. Mwandishi wa sentensi akitamka mwenyewe, kwa maandishi, kwamba alitumia neno huku akijua kuwa halilingani na alichokiona, basi sentensi hiyo si ushahidi tena. Ni mfano mbovu, na mifano mibovu tunaiondoa. Lakini lazima awe yeye aliyeandika. Mtu aliyeandikwa hatoshi, hata angeandika barua mia.

Kama bado yu hai na unajua alipo, mtafute.

W. Lascombe


Hagworth
4 Julai 1978

Kwa Ralph Stobbart, Mtaa wa Adelaide 15

Shemeji,

Sijakuita hivyo tangu mwaka 1959, na leo nakuita kwa sababu dada yako amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Barua hii nimeibandika stempu nikaitia kwenye sanduku la posta, ingawa hapa nilipoketi nakuona ukifungua pazia lako. Niliapa sivuki barabara hii, na kiapo ni kiapo.

Umeshasikia habari ya kamusi. Bella alimweleza mke wa mchinjaji, kwa hiyo Hagworth nzima inayo. Bibi wa London ameniambia kwamba aliyeandika sentensi akikiri hakuandika alichokiona, itafutwa. Na wewe unajua, na mimi najua, na kila mwanachama anajua, kwamba habari za maonyesho ya liki gazetini huandikwa na katibu wa klabu. Mwandishi wa gazeti hajawahi kukanyaga ukumbi ule, hana haja, katibu humpelekea kila kitu kimeshakaa sawa. Katibu wa mwaka ule ni wewe. Mwizi wa mwaka ule pia ni wewe, lakini hilo leo sikuulizi.

Ulinitazama usoni nilipokuwa juu ya meza. Ulinitazama mara tatu. Mwandikie bibi huyu uliona nini.

Cuthbert


Klabu ya Wakulima wa Liki, Hagworth
Ofisi ya Katibu
11 Julai 1978

Bw. Heslop,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma kwa masikitiko.

Hujui nilikufanyia nini siku ile. Mwenyekiti alikwishanyanyua simu kuita polisi. Ni mimi niliyemshika mkono. Nikamwambia, "Shemeji yangu hakuwa yeye, amepagawa tu, mwacheni." Nikaandika hivyo hivyo gazetini ili kila mtu aelewe jambo moja na kesi isiwepo. Mtu aliyepagawa hashtakiwi. Badala ya kunishukuru, miaka yote hii unanipita njiani kama nguzo ya taa.

Ya daktari na meneja sikuyatuma mimi. Sikujua yangefika huko.

Tena sipendi kuitwa mwizi kwa barua ambayo tarishi ameishika. Hujawahi kuthibitisha lolote. Zawadi ya mwaka ule ilikuwa kitanda chenye godoro la springi, na wewe unajua nyumbani kwangu kulikuwa na nani ambaye hakuweza kugeuka bila kulia. Sikuomba kiwe kitanda. Mwaka uliotangulia kilikuwa kinanda.

Mambo ya zamani yaache yalale. Sitaandika London.

R. Stobbart
Katibu


Hagworth
13 Julai 1978

Ralph,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Unasema uliniokoa na jela. Jela kwa liki tatu ingekuwa wiki mbili, tena tatu kama hakimu naye analima. Ningekaa, ningetoka, ningeshuka mgodini Jumatatu na mkoba wangu wa baruti begani. Wangenicheka, wangeninunulia bia, yangekwisha. Mwizi akitoka jela watu humwambia umeshalipa. Mtu akitoka kule nilikotoka mimi, hata akipiga chafya wanasogeza watoto.

Wewe hukuliandika neno lile kwa ajili yangu. Mtu akikanyaga liki na akili zake, ukumbi mzima utauliza kwa nini, kisha watageuka kumtazama mwenye kadi. Akiwa amepagawa, hakuna wa kuuliza. Uliwapa neno ili wasikutazame. Neno moja tu, Ralph, na ukalala juu yake.

Na sasa nisikilize, maana hili sijalisema hata kwa Bella. Kitanda kile nilikijua. Nilijua mkeo Olive anateseka. Ungevuka barabara ukaniambia, "Cuddy, nipe liki zako, Olive halali," ningekupa. Ningeziosha mwenyewe na kuzibeba hadi ukumbini na kukuandikia kadi, kisha ningesimama nyuma ya ukumbi nikipiga makofi kama mpumbavu. Hukuniomba. Uliona rahisi zaidi kuchimba mtaro wangu gizani kuliko kuniambia tafadhali.

Hilo ndilo nisilokusamehe. Liki zinaota tena.

Cuthbert


Mtaa wa Adelaide 14
20 Agosti 1978

Kaka Ralph,

Nimesoma barua zenu zote. Cuddy huziacha mezani wazi, yako na nakala ya yake, makusudi, kwa sababu kusema hawezi.

Mwezi umepita na umenyamaza. Nitakueleza mwezi huo umekuwaje upande huu wa barabara. Cuddy hali chakula sawasawa. Asubuhi anaifungua kamusi ukurasa ule anausoma, kama vile usiku huenda umebadilika. Jumanne iliyopita aliniuliza, "Bella, na wewe uliamini?" Siku ya maonyesho sikuwepo ukumbini, Ralph. Nilikuwa nyumbani kwako namwosha mkeo. Niliyoyajua yote niliyajua kutoka kinywani mwako. Nikamjibu kwamba nilimwamini kaka yangu. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akaenda kupalilia mahali palipokwishapaliliwa.

Tangu Olive afariki, kila Jumapili nimekuvushia sahani ya chakula, nyama na viazi na mchuzi wake, imefunikwa. Cuddy hugeukia dirisha la nyuma ninapotoka, ili asione. Hajanikataza hata siku moja. Huyo ndiye mtu unayesema hajitawali.

Leo ni Jumapili na umeona sahani haikuja. Haitakuja tena. Usidhani nimesahau, wala usidhani ninaumwa. Pika mwenyewe.

Dada yako,
Isabel


Mtaa wa Adelaide 15, Hagworth
27 Agosti 1978

Kwa Mhariri, Kamusi ya Merrow

Bibi,

Mimi ndiye niliyeandika sentensi ile.

Bw. Heslop hakuwa amepagawa. Alivua kofia alipoingia. Alikwenda moja kwa moja mezani akasimama, akazitazama zile liki muda mrefu. Mke wa kasisi alikuwa ameweka kikombe chake cha chai pembeni mwa meza. Bw. Heslop alimwomba radhi akamtaka akisogeze, akangoja mpaka akakisogeza. Akavuta kiti, akapanda. Alikanyaga ya kwanza akanitazama. Alikanyaga ya pili akanitazama. Alikanyaga ya tatu akanitazama. Akashuka, akarudisha kiti mahali pake, akavaa kofia.

Nimefanya kazi mgodini maisha yangu yote na nimeona watu wakiwa katika kila hali. Sijaona mtu mtulivu kama alivyokuwa yeye. Niliandika vile nikijua sivyo.

Usiniulize kwa nini alizikanyaga. Ninajua kwa nini.

Ralph Stobbart


London
4 Septemba 1978

Bw. Heslop,

Naambatisha nakala ya barua ya Bw. Stobbart. Imetimiza kanuni. Sentensi itaondolewa chapa ijayo. Nakala zilizokwisha kuuzwa siwezi kuzirudisha, na huko utaendelea kuwa juu ya meza. Hilo sitakuficha.

Radhi sikuombi, kwa kuwa ulisema huihitaji. Nitakueleza tu kwamba kati ya sentensi kadhaa zilizoletwa, ni mimi niliyechagua hii, na nilipoichagua nilicheka, mtu mzima kupanda meza kwa ajili ya mboga. Barua ya Bw. Stobbart nimeisoma mara mbili na sijacheka.

Sasa chini ya neno lile pamebaki nafasi tupu, na mpiga chapa ananidai. Mifano niliyo nayo yote ni ya makoti na mbwa, hakuna hata mmoja unaoonyesha binadamu aliyefikwa na hali yenyewe. Ikiwa wewe au yeyote huko kwenu mna sentensi ya kweli, ya mtu aliyeona kwa macho yake, nitaipokea.

W. Lascombe


Hagworth
7 Septemba 1978

Ralph,

Nimesoma uliyomwandikia bibi wa London. Yamenyooka. Hata kikombe umekikumbuka.

Lakini bibi wa London hanijui. Yeye sikuwahi kumpita njiani akavuka upande wa pili. Ulinivika neno lile mbele ya ukumbi, kwa hiyo nivue mbele ya ukumbi. Maonyesho ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Panda jukwaani kabla ya kutangaza washindi, soma barua ile ile, usiongeze wala usipunguze.

Usipoisoma, sitafanya kitu. Usiogope. Nitajua tu wewe ni nani, na Bella naye atajua, na mimi nina hakika utajua pia.

Cuthbert


Klabu ya Wakulima wa Liki, Hagworth
9 Septemba 1978

Heslop,

Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Njoo saa tisa alasiri. Wewe umepigwa marufuku klabuni maisha tangu siku ile, lakini kamati imekuruhusu kuingia kwa muda wa kusomwa barua, na wameniagiza nikuandikie kwamba usikaribie meza.

Nitasoma, kisha nitaacha ukatibu. Usinijie baadaye kunipa mkono. Sitaki mkono wako. Umenivua nguo uzeeni, na hata kama nilistahili, siwezi kukupenda kwa hilo.

R. S.


Mtaa wa Adelaide 14, Hagworth
18 Septemba 1978

Bi. Lascombe,

Mimi ni Bella Heslop, mke wa Cuthbert, dada wa Ralph Stobbart. Ulimwambia mume wangu kwamba angeweza kubaki chini, asipande meza. Hilo nililisoma na sijalimaliza tumboni, kwa hiyo usitarajie barua tamu.

Ralph alisoma. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, maana habari ilikwishaenea kwamba Cuddy atakuwepo, na nilimwona mwanamume mmoja ameweka mkono wote juu ya liki zake kama anayekinga vifaranga. Kaka yangu alikuwa amevaa suti aliyomzikia mkewe. Alisoma polepole. Alipofika kwenye "ninajua kwa nini," mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyewahi kufanya kazi na Cuddy chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo zilikuwa zake?"

Ralph akakunja karatasi. Akasema, "Zilikuwa zake." Akaweka funguo za klabu juu ya meza, akapita katikati ya watu, akatoka. Hakunitazama. Sijui kama atanitazama tena, na mimi nami sijui kama nataka.

Hakuna aliyepiga makofi. Huku hatuna desturi hiyo. Wanaume walitazama viatu vyao. Yule mzee akainuka akaja kusimama mbele ya Cuddy, akasema, "Ningeshuka na wewe siku yoyote." Basi, akarudi akakaa. Cuddy akavaa kofia, akanipa mkono nikaushika, tukatembea hadi nyumbani, akiwasalimu watu njiani mmoja mmoja kwa majina. Ungemwona ungedhani anatoka kununua mkate.

Tukaingia jikoni. Akafunga mlango.

Wewe unatafuta mtu aliyefikwa na hali yenyewe. Mimi nimekaa na mume wangu tangu nikiwa msichana wa duka la nyuzi. Nimemwona akizika wazazi, nimemwona siku mgodi ulipomeza watu wanane na yeye ndiye aliyewatoa, nimemwona walipokuja kumchukua na gari la hospitali, akawafungulia mlango mwenyewe. Katika yote hayo hakupandisha sauti. Alichokifanya Jumamosi baada ya kufunga ule mlango, mtu wa miaka sitini na tisa, mwenye goti lile, sikujua kwamba kimo ndani ya binadamu. Majirani wa pande zote mbili waligonga ukuta kulalamikia kelele na vishindo vyake. Taa ya jikoni haipo tena. Mimi mwenyewe nilipiga kelele na kucheka mpaka nikaketi sakafuni, na sikumbuki ni nani kati yetu aliyeanza kulia.

Kwa hiyo sentensi unayoitaka ninayo. Nimeipanga kichwani tangu jana nikiosha vyombo. Ni fupi, neno lako limekaa humo sawasawa, na kila kitu ndani yake ni kweli na nilikiona kwa macho yangu.

Sikupi.

Isabel Heslop